ISTILAHI ZA REJETA NA HOZI ZAKE: JINA NA KITENZI

1. Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuunda istilahi ni kutafuta majina tu. Kifaa kipya kinapoingia nchini hutafutiwa jina. Jina likiisha kupatikana na kuandikwa katika orodha, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jina ni nusu ya kazi, na kwamba nusu ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kitenzi kinachofuatana na jina hilo. Msomaji wa kitabu cha ufundi haulizi tu, "Hiki kinaitwaje?" Huuliza pia, "Nikifanyeje?" Asipojibiwa swali la pili, jina peke yake halimfai kitu.

Mfano tuliouchagua ni kazi ya kawaida ya gereji: kubadilisha rejeta ya gari, na hasa kuziondoa hozi zake, ambazo mara nyingi hukataa kutoka. Kazi hii ni ndogo, lakini ina hatari tatu zinazotokana moja kwa moja na maneno yaliyotumika kuieleza. Fundi aweza kuungua. Shingo ya rejeta mpya yaweza kuvunjika kabla gari halijawashwa. Tena, injini yaweza kuharibika kwa kutiwa kitu kisichofaa. Tumeutazama mfano huu kwa kuzingatia hali ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu huko rejeta hupata taabu kubwa, na lugha ya mafundi ina utajiri ambao mfasiri hana budi kuujua.

2. Mahali na lugha yake

Karakana kubwa za mitambo si jambo geni katika sehemu hizi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Baadaye ulikuja wakati wa migodi mikubwa ya sasa: Geita ilianza tena kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Kila mgodi ulikuja na magari yake, vitabu vyake vya Kiingereza, na mafundi waliotoka pande mbalimbali. Kandokando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, ambao hawakungoja orodha ya mtu yeyote ili wapate maneno. Shimo la kuchimbia wameliita duara, na mtambo wa kusagia mawe wameuita karasha. Maneno hayo mawili moja limetoka katika hazina ya Kiswahili na la pili limekopwa, na yote mawili yanaeleweka bila ubishi.

Hali ya nchi nayo huitesa rejeta. Vumbi la barabara na la machimbo huziba mapezi kwa nje; maji ya visima yenye chumvi na chokaa huziba mirija kwa ndani. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele, lakini dereva anayekwama njiani mbali na mji hutia maji anayoyaona karibu. Ndiyo maana neno "rejeta" husikika sana katika vijiwe vya magari vya Kahama, Isaka na Katoro.

3. Namna rejeta inavyofanya kazi

Kabla ya kuchagua istilahi, hatuna budi kukielewa kitu chenyewe. Injini inapofanya kazi huzalisha joto jingi. Pampu husukuma kulanti ipite ndani ya injini na kulichukua joto hilo. Joto likifikia kiasi cha nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, kwa kadiri ya aina ya gari, kidude kiitwacho thamostati hufunguka, na kulanti hupita katika hozi ya juu kuingia katika rejeta. Ndani ya rejeta hushuka au hupita kando katika mirija myembamba. Mapezi yaliyoshikana na mirija hutoa joto hewani, na feni husaidia kuvuta hewa. Kulanti iliyopoa hurudi katika injini kwa hozi ya chini.

Mfumo huu umezibwa na una shinikizo. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika sufuria iliyo wazi maji huchemka huko kwa nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta, kwa kuzuia shinikizo, hukiongeza kiwango hicho kwa nyuzi 20 au zaidi. Maana yake ni kwamba kulanti iliyotulia kimya ndani ya rejeta yaweza kuwa na joto la kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukiondolewa, shinikizo huanguka, na kulanti huchemka papo hapo na kuruka usoni mwa aliyeufungua. Jambo hili tutalirudia tutakapofika kwenye vitenzi.

4. Uteuzi wa majina

Rejeta. Wapo wanaopendekeza "kipozeo" au "kipoza-injini". Mapendekezo hayo yameundwa vizuri kisarufi, lakini yana kasoro ya upana. Kipozeo chaweza kuwa jokofu, feni, au kiyoyozi. "Rejeta" linafahamika kwa fundi, kwa muuza vipuri na kwa dereva, na linafuata matamshi ya Kiswahili. Tunashauri libaki. Baadhi ya wasemaji wa Kanda ya Ziwa hutamka "lejeta", kwa athari ya lugha zao za kwanza; katika maandishi tahajia iwe moja, "rejeta".

Hozi. Mafundi husema "mpira wa rejeta" au "hozi paipu". Neno "mpira" lina kazi nyingi mno: ni mchezo, ni tairi la ndani, ni malighafi yenyewe, na ni kila kitu kilichotengenezwa kwa malighafi hiyo. Sentensi "badilisha mpira wa rejeta" haielezi kama kinachotakiwa ni hozi, ni oringi, au ni mpira unaoikalia rejeta kwenye fremu. Tunapendekeza "hozi ya juu" na "hozi ya chini".

Shingo. Hili ni neno la mafundi wenyewe, kwa sehemu ya rejeta inayochomoza na kuvikwa hozi. Limetokana na mwili wa binadamu, kama ilivyo "mdomo wa chupa" na "mguu wa meza". Hakuna haja ya kuunda jingine.

Kibano na komeo. Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Kila kitu kinachoishika hozi shingoni huitwa "klipu", na wengine husema "klampu" bila kutofautisha. Lakini vitu hivyo ni vya aina tatu, na kila kimoja huondolewa kwa njia yake.

Aina ya kwanza ni utepe wa chuma unaozunguka hozi na kukazwa kwa parafujo. Aina ya pili ni utepe wa chuma cha springi wenye masikio mawili, ambao hubana wenyewe wakati wote. Aina ya tatu hupatikana zaidi katika magari ya Ulaya na baadhi ya magari mapya: mwisho wa hozi una kichwa cha plastiki kinachoingia shingoni, ndani yake mna oringi, na waya uliopindwa hupita ubavuni kukizuia kisitoke. Aina mbili za kwanza hubana. Ya tatu haibani hata kidogo. Inazuia tu, kama komeo linavyozuia mlango. Anayedhani kwamba inabana huvuta kwa nguvu akitumaini kwamba italegea, na plastiki huvunjika.

Kwa hiyo tunapendekeza aina mbili za kwanza ziitwe "kibano cha parafujo" na "kibano cha springi", na ile ya tatu iitwe "kiungo cha komeo", waya wake ukiwa ndio "komeo". Majina haya yanaonyesha kazi. "Parafujo" tulilipata zamani kwa Wareno, "springi" kwa Waingereza, "kibano" na "komeo" tunavyo nyumbani. Hatuoni aibu ya kuyaweka pamoja, kwani ndivyo Kiswahili kilivyojijenga siku zote.

Oringi. Kamati ya wasomi ingependa "pete ya mpira", na maelezo hayo yafaa kuwa fasili. Lakini muuza vipuri huuza "oringi", na "ringi" ni jina la pete za pistoni. Tunaacha "oringi" kama ilivyo.

Kulanti. Katika mazungumzo kila kilichomo ndani ya rejeta huitwa "maji". Mazoea haya yana gharama. Aliyeambiwa "ongeza maji" huongeza maji. Kulanti ni mchanganyiko wa maji safi, kemikali iitwayo ethilini glikoli, na dawa za kuzuia kutu. Mara nyingi nusu yake ni maji na nusu ni dawa. Maji matupu ya kisima huleta kutu na magamba ya chokaa. Aidha, kulanti ni sumu, na ina ladha tamu inayovutia watoto na mifugo. Maandishi yakisema "mwaga maji ya rejeta", fundi ataimwaga chini, na mbuzi atainywa. Basi katika maandishi rasmi tuseme "kulanti", na neno "maji" tuliache kwa maji.

5. Uteuzi wa vitenzi

Tuchukue sentensi tatu za aina inayoonekana mara kwa mara katika tafsiri za haraka:

"Fungua mfuniko wa rejeta. Fungua hozi ya juu. Fungua viunganishi vya hozi ya chini."

Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, fundi mwanafunzi aliyepewa sentensi hizo hajaambiwa lolote. Kitenzi "fungua" kimebebeshwa mizigo mitatu: kugandamiza na kuzungusha, kulegeza parafujo, na kuvuta komeo. Kiswahili kina njia bora. Tuna mnyambuliko wa kutendua, unaogeuza tendo kuwa kinyume chake: ziba na zibua, chomeka na chomoa, ganda na gandua, komea na komoa. Kila mtoto aliyekulia katika Kiswahili anavijua vitenzi hivi, naye mfasiri huviacha kwa sababu kitabu cha Kiingereza kimetumia neno moja.

Kwa kibano cha parafujo, jozi yake ni "kaza" na "legeza". Mtu hakifungui, hukilegeza kwa bisibisi, kisha hukisogeza nyuma juu ya hozi.

Kwa kibano cha springi mfasiri ajihadhari zaidi. Kibano hiki hulegea kinapobinywa. Masikio yake yakibinywa pamoja kwa koleo, duara yake hupanuka. Anayeandika "kibane kibano" huenda akafahamika kwamba kibano kikazwe, na hiyo ni kinyume cha makusudio. Tunapendekeza "binya" kwa tendo la mkono, na "achia" kwa tendo la kukiacha kirudi mahali pake: "Binya masikio ya kibano, kisogeze nyuma, kisha kiachie."

Kwa kiungo cha komeo, jozi ni "komea" na "komoa". Twajua kwamba katika mazungumzo "komoa" humaanisha kumtendea mtu jambo la kumkera makusudi. Muktadha huondoa utata huo, na maana ya asili, yaani kuondoa komeo, ndiyo tunayoihitaji hapa. Kuna jambo moja la ufundi ambalo kitenzi hiki hulibeba vizuri. Mlango ukiwa umeusukuma kwa nje, komeo lake huwa gumu kutoka. Ukiusukuma mlango ndani kidogo, komeo huachilia. Kiungo cha hozi ni vivyo hivyo. Kichwa husukumwa kwanza ndani kuelekea rejeta, ili uzito uliolalia waya uondoke. Ndipo waya huvutwa. Ndipo kichwa huchomolewa kikiwa kimenyooka. Ikiwa vumbi limeganda mahali pa waya, paoshwe kwanza kwa maji na brashi.

Kwa hozi iliyoshikana na shingo baada ya miaka mingi, kitenzi ni "gandua". Tatizo hapa halipo katika kibano, kwani kimekwisha ondolewa. Lipo katika mpira uliogandana na shingo. Kugandua ni kuzungusha hozi polepole huku na huku mpaka iachie, na wala si kuitia bisibisi na kuipekua. Shingo za shaba za rejeta za zamani zilivumilia bisibisi, na zilipopasuka zililehemiwa. Rejeta nyingi za leo zina mirija ya alumini na matangi ya plastiki. Shingo ya plastiki ikivunjika hailehemiki. Kama hozi nayo inabadilishwa, ipasuliwe kwa wembe kwa urefu wake, bila kuukwangua uso wa shingo.

Na kwa mfuniko, vitenzi ni viwili vilivyofuatana, "gandamiza" na "zungusha". Lakini jambo kubwa zaidi ni onyo lake. Tafsiri nyingine husema, "Usifungue mfuniko injini ikiwa inawaka." Fundi mtiifu huzima injini, na papo hapo hufungua mfuniko. Ametii maandishi, naye ameungua. Kuzima si kupoa. Onyo sahihi ni hili: "Usifungue mfuniko mpaka injini na rejeta zimepoa kabisa." Hapo "fungua" limekaa mahali pake, kwa kuwa katazo linahusu tendo zima.

6. Mfano wa maelezo

Walimu wa ufundi waweza kuutumia mfano ufuatao darasani. Umeandikwa kwa istilahi zilizopendekezwa hapo juu.

(a) Zima injini. Ngoja mpaka injini na rejeta zimepoa kabisa. Tenga waya wa hasi wa betri, kwani feni za umeme zaweza kuanza kuzunguka zenyewe.

(b) Gandamiza mfuniko, uzungushe, uuondoe.

(c) Weka beseni chini ya rejeta. Legeza kizibo cha chini na ukinge kulanti yote. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na watoto, mifugo na visima.

(d) Tazama kila mwisho wa hozi na utambue kinachoishika. Kibano cha parafujo kilegeze. Kibano cha springi kibinye. Kiungo cha komeo kisukume ndani, kikomoe, kisha kichomoe.

(e) Hozi iliyogandana igandue kwa kuizungusha.

(f) Ikiwa gari ni la gia za kujiendesha na oili yake hupozwa ndani ya rejeta, kuna mabomba mawili zaidi ya kuondoa. Mahali palipofungwa kwa nati, tumia spana mbili, moja ya kushikilia na moja ya kulegeza, ili bomba lisijipinde.

(g) Tenga feni na kava lake. Legeza bolti za fremu na uinyanyue rejeta wima.

(h) Linganisha rejeta mpya na ya zamani: urefu, upana, shingo, na mahali pa bolti.

(i) Paka oringi mpya kulanti safi au maji ya sabuni. Usitumie grisi wala oili ya injini, kwani mpira wa aina inayotumika hapa huvimba na kulainika ukikutana nazo.

(j) Chomeka viungo vya komeo mpaka usikie mlio wa kukomea, kisha uvute kidogo kuhakikisha. Rudisha vibano mahali pake. Vya parafujo vikaze bila kupita kiasi.

(k) Hakikisha kizibo cha chini kimekazwa. Jaza kulanti polepole, unganisha waya wa betri, washa injini mfuniko ukiwa wazi mpaka thamostati ifunguke na hewa itoke, ongeza kulanti ikipungua, kisha funga mfuniko.

7. Faida kwa watumishi wa Serikali

Afisa aweza kuuliza haya yanamhusu nini. Magari ya Serikali hutengenezwa chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, ulioanzishwa mwaka 2005, na kila tengenezo lina karatasi zake: ombi, makadirio na hati ya malipo. Anayeandika "klipu mbili za rejeta" ameagiza kitu ambacho hakuna mtu awezaye kukileta kwa hakika. Anayeandika "vibano 2 vya springi vya hozi ya chini" ameagiza kitu kimoja tu. Gari la wagonjwa likisubiri wiki moja kwa sababu kipuri kilicholetwa si chenyewe, kosa laweza kuwa limeanzia kwenye neno.

8. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Rejeta: chombo chenye mirija na mapezi cha kupozea kulanti ya injini.
Pezi (wingi: mapezi): bati jembamba lililoshikana na mirija ili kutoa joto.
Kulanti: mchanganyiko wa maji na dawa unaochukua joto la injini.
Hozi: bomba la mpira linalopitisha kulanti.
Shingo: sehemu ya rejeta au injini inayovikwa hozi.
Kibano cha parafujo: utepe wa chuma unaobana hozi kwa kukazwa. Vitenzi: kaza, legeza.
Kibano cha springi: utepe wa chuma unaobana hozi wenyewe. Vitenzi: binya, achia.
Kiungo cha komeo: kichwa cha hozi kinachozuiwa kwa waya. Vitenzi: chomeka, komea, komoa, chomoa.
Oringi: pete ya mpira ya kuzuia kuvuja.
Gandua: kutenga hozi iliyogandana na shingo bila kuiharibu shingo.
Lehemu: kuunga shaba kwa risasi iliyoyeyushwa. Litofautishwe na "chomelea".

9. Hitimisho

Tumeona kwamba majina mengi ya kazi hii yalikuwapo gerejini kabla yetu, na kwamba pale yalipokosekana, lugha ilikuwa na neno tayari nyumbani, kama "komeo". Tumeona pia kwamba upungufu mkubwa zaidi ulikuwa katika vitenzi, ingawa Kiswahili ni tajiri hasa katika vitenzi. Tunawashauri wafasiri kwamba kila wanapoandika "fungua" katika maandishi ya ufundi, wajiulize mkono wa fundi unafanya nini wakati huo: unazungusha, unabinya, unasukuma, au unavuta? Jibu la swali hilo ndilo neno linalotakiwa.

Mapendekezo haya bado yako wazi kwa majadiliano. Walimu wa vyuo vya ufundi, maafisa na mafundi wenye maneno mengine yanayotumika katika sehemu zao, na hasa yale yanayotofautisha vitu ambavyo sisi tumevichanganya, wanaombwa wayalete pamoja na maelezo ya matumizi yake.